Baridi ya Chimala

Asukile alikuwa fundi wa magari mjini Mbeya, na ukimtazama usingemdhania kuwa mtu wa kuchanganyikiwa. Alikuwa mrefu, mabega mazito, amepita vitani Burma akiendesha malori ya jeshi kwenye matope ya kufika magotini. Alirudi na kovu juu ya nyusi na mikono iliyoweza kufungua injini gizani. Lakini jambo jipya lilimchukua muda. Alikuwa akilisimamia, akalizunguka, akamuuliza swali lile lile kila aliyepita, kisha akakaa juu ya tairi kuukuu na kutazama chini. Mkewe, Ikupa, alizoea kusema kwamba kichwa cha mumewe ni kama wali wa Kyela, ukiufunua kabla ya wakati unauharibu.

Kwao ni Masoko, upande wa Rungwe, lakini tangu atoke jeshini aliishi Mbeya na kufanya kazi kwenye gereji ya Kalasinga mmoja ambaye wote walimwita Bwana Singa. Hapo ndipo lilipofika lile gari, mwezi wa kumi na moja mwaka 1957, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza kugusa vilele.

Lilikuwa gari refu la Kimarekani, nyuma limeendelea kama chumba, rangi ya maziwa iliyokwisha kuwa ya vumbi. Mwenyewe aliitwa Bwana Harlan. Kazi yake ilikuwa kupima miamba milimani, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota Nairobi kwa watu waliokuwa na haraka. Alishuka, akapiga boneti kwa kiganja, akasema:

"Fundi, baridi hapana kuja."

Asukile akautazama mlima Loleza, uliokuwa umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa koti la jeshi.

"Baridi yenyewe ni mwezi wa sita, bwana," alijibu kwa upole. "Sasa hivi ni mvua."

"Hapana! Baridi ya gari. Gari natengeneza baridi. Sasa hapana tengeneza."

Asukile akamtazama Bwana Singa. Bwana Singa akainua mabega. Alisema amewahi kuona picha ya gari la namna hiyo kwenye gazeti, lakini alidhani ni utani wa Wamarekani.

Basi yule bwana akafungua boneti na kuanza kueleza, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Pembeni mwa injini kulikuwa na pampu nzito inayozungushwa na mkanda. Pampu hiyo ilisukuma gesi kwenye mabomba. Mbele ya rejeta kulikuwa na kitu kingine kama rejeta ya pili, nyembamba, ambayo gesi hupitia ili itoe joto lake nje. Halafu gesi iliingia ndani, chini ya dashibodi, na hapo feni ilipuliza hewa juu ya mabomba, na hewa ikatoka baridi. Katikati ya njia palikuwa na jicho dogo la kioo. Ukiona kioo ni safi, gesi ipo ya kutosha. Ukiona mapovu kama ya soda yanaendelea kupita, gesi imepungua, na gesi hiyo haikupatikana popote karibu zaidi ya Dar es Salaam.

"Umeelewa?" aliuliza.

"Bwana, gesi hiyo ni ya moto au ya baridi?"

"Hapa moto. Hapa baridi."

"Gesi ile ile?"

"Ile ile."

Asukile aliuliza tena jioni, na kesho yake asubuhi, na majibu yalikuwa yale yale. Bwana Harlan alikuwa na safari ya ndege kwenda Dar es Salaam. Akaagiza gari lisafishwe, mashine ipimwe, kisha Asukile alipeleke Iringa. Yeye angeshukia Iringa siku ya Jumamosi na kulichukua hapo. Akamwachia kipimajoto kirefu cha kioo, akaondoka.

Kazi ya kusafisha haikumpa shida. Ile rejeta nyembamba ya mbele ilikuwa imeziba kabisa: mbegu za nyasi, mabawa ya panzi, matope mekundu yaliyokauka kama tofali. Asukile aliilowesha, akaipiga brashi laini, akavinyoosha vibati vyake kimoja kimoja kwa kijiti cha mwanzi, akamwagia maji kutoka upande wa ndani mpaka yakatoka meupe. Mkanda wa pampu ulikuwa umelegea. Ukiubonyeza kwa kidole gumba unazama. Akaukaza. Halafu akawasha injini, akageuza swichi, akasikia pampu ikinasa, tak, na injini ikapunguza sauti kidogo kama mtu aliyetwishwa mzigo. Kwenye jicho la kioo yalipita mapovu, yakapungua, yakaisha.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Aliingia ndani, akafunga madirisha, akaweka kiganja kwenye tundu za hewa. Hewa ilikuwa baridi. Akazima mashine, akaacha feni tu. Hewa ilikuwa baridi. Akatoka nje, akasimama uani. Baridi. Akarudi ndani na kipimajoto, akakiweka kwenye tundu, akakisoma, akakitoa nje, akakisoma. Tofauti ilikuwepo lakini ndogo, na ukungu uliposhuka ikawa ndogo zaidi. Mchana jua lilitoka, akalisukuma gari juani ili lipate joto, akawasha mashine haraka. Kabla kipimajoto hakijatulia, wingu likapita na manyunyu yakaanza.

"Nitajuaje kama inafanya kazi?" alimuuliza Bwana Singa. "Nikiwasha ni baridi. Nikizima ni baridi."

"Hapa utapima mpaka uzeeke," alisema Bwana Singa. "Lipeleke Chimala, kwenye joto la Usangu. Kule utajua kabla hujashuka."

Kesho yake, siku moja kabla ya safari, mwanamke akaja gerejini. Alikuwa kijana, amejifunga kitenge cha kijani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alisema anaitwa Severina, ni Mhehe wa Kalenga, ameolewa hapa Mbeya na mtu wa kazi za barabara. Mumewe wakati huo alikuwa kambini mbali, kwenye daraja. Baba yake, mzee Liberatus, alikuja kumtembelea baada ya mavuno, akaugua moyo. Sasa alikuwa ametoka hospitali, na neno lake lilikuwa moja tu: arudishwe nyumbani kwake Kalenga.

"Tulijaribu kwa lori, kaka," alisema. "Tulifika Igurusi. Joto likampiga, akazimia. Watu wakadhani amekufa, wakaanza kuvua kofia. Tukamrudisha. Daktari akasema tukimpitisha tena Usangu kwenye jua lile hafiki. Nimesikia hapa kuna gari lenye baridi ndani, na kesho linakwenda Iringa."

"Nani amekwambia?"

"Mji mzima unasema."

Asukile akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. "Dada, kwanza gari si langu. Pili, hiyo baridi yenyewe sijui kama ipo."

"Hujui?"

"Nimepima siku mbili. Sijui."

Severina akamtazama kama mtu aliyetegemea jibu la ndiyo au hapana na akapewa kitu cha tatu. Hakulia. Alisema tu kwamba atarudi jioni kusikia.

Asukile akamwendea Bwana Singa. Bwana Singa akasema gari ni la mwenyewe na mwenyewe yuko Dar es Salaam, kwa hiyo yeye hawezi kusema ndiyo. Lakini pia ameagizwa kwamba mashine ipimwe, na hakuna aliyesema ni nani awe amepanda wakati wa kuipima. Akainamia gia boksi yake. Asukile akaenda nyumbani bila kujua kama ameruhusiwa au amekatazwa.

"Gari ni la mtu," alimwambia Ikupa. "Mgonjwa ni wa mtu. Mimi niko wapi hapo?"

Ikupa alikuwa akimenya ndizi. "Wewe uko kwenye usukani," alisema. "Sasa sema, utamwacha?"

Waliondoka asubuhi kabla ukungu haujainuka. Mzee Liberatus alilazwa nyuma, kwenye godoro, kichwa kimeinuliwa kwa mito, blanketi mpaka kidevuni. Alikuwa mzee mwembamba, ndevu nyeupe fupi, macho makali. Alimsalimu Asukile, "Kamwene," na Asukile akaitikia kwa Kihehe kile kidogo alichokijua. Severina alikaa mbele, amegeuka nusu ili amwone baba yake. Kipimajoto alipewa yeye akishike. Mashine ilikuwa imezimwa, kwa kuwa hakukuwa na haja.

Walipoipita Uyole na kuanza kushuka, joto lilikuja polepole, kisha likaja lote. Igurusi, mahali lile lori lilipogeukia, paji la uso la mzee lilikuwa linang'aa jasho na pumzi yake imekuwa fupi. Severina akasema, "Kaka, washa. Washa sasa."

Asukile akafunga madirisha, akageuza swichi. Tak. Feni akaiweka chini kabisa, asije akampiga mgonjwa na upepo. Swichi ya kuongeza baridi akaigeuza mpaka mwisho, kwa kuwa hakujua ipi inatosha. Kwanza ilitoka hewa ya moto yenye harufu ya vumbi. Halafu harufu ikaisha. Halafu Severina akaweka mkono kwenye tundu na kuutoa haraka, akausogeza tena.

"Kipimajoto kinashuka," alisema. "Kaka, kinashuka kweli."

Asukile alikuwa anatazama nje, ambako ng'ombe wa Wasangu walikuwa wamesimama chini ya migunga ulimi nje, na hewa juu ya barabara inatetemeka kama juu ya jiko. Halafu akatazama mikono yake kwenye usukani. Vinyweleo vilikuwa vimesimama. Macho yalimwambia jambo moja, ngozi ikamwambia jingine, na hakujua aamini lipi. Akajikuta anapunguza mwendo bila sababu.

Nyuma mzee akafumbua macho. Pumzi yake ilikuwa imetulia.

"Severina, tumeshapita Makambako?"

"Bado, baba. Tunakaribia Chimala."

"Usinidanganye kwa kuwa naumwa. Chimala ninaijua. Nilipita hapa kwa miguu nikiwa kijana, nyayo zikaungua. Hii ni baridi ya Mufindi."

"Ni gari, baba. Gari linatengeneza baridi."

Mzee akafikiri. "Kama nimekufa mniambie," alisema kwa utulivu. "Sitakasirika."

"Hujafa, mzee," Asukile alisema kutoka mbele.

"Wewe ungejuaje? Labda tumekufa wote."

Asukile alitaka kucheka, lakini swali lilimkaa kichwani mpaka walipofika Chimala.

Chimala walisimama kutia petroli. Ilikuwa siku ya soko. Watu walizunguka gari, wakashangaa kwamba katika jua lile wamejifungia vioo vyote. Muuza mchele mmoja, mama mnene aliyeitwa na wenzake Yudith, akagonga dirisha.

"Mnamficha nani humo? Mtamuua mtu kwa joto!"

Severina akateremsha kioo kidogo. Mama Yudith akaingiza mkono, kisha akaurudisha kifuani kana kwamba umeumwa na kitu.

"Humo ndani kuna nini? Mbona kama kisimani?"

"Mama," mzee akaita kutoka nyuma, "hapa ni wapi?"

"Chimala, mzee wangu."

"Acha utani na mgonjwa."

"Chimala! Tazama mchele wangu! Huu mchele ungetoka Mufindi?"

Mzee akaamuru afunguliwe mlango. Severina akakataa, mzee akakasirika, na kwa kuwa hasira ilikuwa mbaya zaidi kwa moyo wake, Asukile akaufungua. Joto likamwingia mzee usoni kama la mlango wa tanuri. Akakohoa. Macho yakamtoka. "Funga!" alisema. Mlango ulipofungwa alisema kwa sauti ndogo kwamba huko nje wamemwonyesha mahali pengine, si hapa walipo.

Walipotaka kuondoka, Severina akainua miguu. "Kaka, maji."

Chini ya dashibodi maji yalikuwa yanadondoka, tone baada ya tone, yameshalowesha zulia. Asukile akazima injini, akaruka nje, akafungua boneti. Rejeta ilikuwa imejaa. Mipira yote ilikuwa mikavu. Akalala chini, akatazama. Hakuna mahali paliporuhusu maji kuingia ndani ya gari. Akarudi, akachovya kidole, akanusa, akaonja.

"Ni maji tu," alisema.

"Yametoka wapi?"

"Hayajatoka popote."

Severina akamtazama. Yeye akamtazama Severina. Mama Yudith, aliyekuwa bado ameegemea mlango, akajifanyia ishara ya msalaba. Mwishowe Asukile aliweka kopo chini ya yale matone, akawasha gari, wakaenda. Hilo ndilo aliloweza kufanya.

Walikuwa katikati ya Chimala na Igawa, mahali pasipo nyumba wala kijito, upepo ulipoanza kupungua kwenye tundu. Feni ilisikika inazunguka, lakini hewa ilitoka kama pumzi ya mtoto aliyelala, na baadaye haikutoka kabisa. Ndani ya gari joto likaanza kujaa. Asukile aliongeza feni, ikalia zaidi, hewa haikuja. Mzee akasukuma blanketi. Pumzi ikawa fupi tena.

"Baba," Severina aliita. "Baba, nitazame."

Asukile akasimamisha gari chini ya mgunga uliokuwa na kivuli cha kutosha nusu ya gari, injini akaiacha inaunguruma. Akafungua boneti. Mkanda ulikuwa umekaza. Pampu ilikuwa inazunguka. Kwenye jicho la kioo hapakuwa na hata povu moja. Kila kitu alichofundishwa kukitazama kilikuwa kizima, na mashine ilikuwa imekufa. Alisimama pale jua likimchoma kisogo, akavitazama tena kwa mpangilio ule ule, kana kwamba mara ya pili vingejibu tofauti.

Halafu akaingia ndani, akalala chali kwenye lile zulia lenye maji, akapenyeza mkono juu, nyuma ya dashibodi, mpaka yalipo mabomba. Vidole vikagusa kitu kigumu, kikavu, kinachouma. Akautoa mkono. Kwenye kucha kulikuwa na unga mweupe ukiyeyuka.

"Barafu, dada."

"Barafu? Hapa Usangu?"

"Imeziba mahali pote. Upepo hauna pa kupita."

"Imetoka wapi?"

"Ndiyo hiyo ninayojiuliza." Akakaa, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mashine ya baridi imekufa kwa baridi. Nje kuna moto wa kuchoma muhogo. Sasa niipashe joto ili itoe baridi? Au niipe baridi zaidi?"

Alichukua bisibisi, akafikiria kuikwangua ile barafu. Aliipeleka mpaka karibu, kisha akakumbuka kwamba ndani ya bomba kuna gesi, na gesi ikitoka haipatikani mpaka Dar es Salaam. Akaiweka chini. Nyuma, Severina alikuwa amefungua mlango na anampepea baba yake kwa kitenge, lakini alichompepea ni joto lile lile. Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Izime," Severina akasema bila kugeuka.

"Nikiizima, mzee atabaki na nini?"

"Sasa hivi ana nini? Izime, kaka! Inatengeneza barafu. Usiiache iendelee kutengeneza."

Asukile akageuza swichi ya pampu. Tak. Katika haraka ile alisahau feni, akaiacha inazunguka kwa nguvu zote. Akakaa, hana la kufanya, anasikiliza pumzi ya mzee na kuhesabu makosa yake: kuchukua gari la mtu, kuchukua mgonjwa wa mtu, kuamini kioo kidogo. Alimfikiria Ikupa. Alifikiria pia kwamba atamzika mzee wa watu asiyemjua, na hata kaburi lake asingejua alielekeze wapi.

Hapo akasikia kitu mguuni. Kopo lilikuwa limejaa na maji yanamwagika. Na upepo, mwembamba kama uzi, ulikuwa unampitia kwenye goti. Akaweka mkono kwenye tundu. Upepo ukakua. Ulikuwa baridi, baridi kuliko asubuhi yote, na mashine ilikuwa imezimwa.

"Dada, funga mlango."

"Umeiwasha?"

"Sijaiwasha."

"Mbona inatoa baridi?"

"Funga tu mlango!"

Akaufunga. Walikaa watatu ndani ya lile gari lisilofanya kazi, likiwapulizia baridi ya kutosha kumfanya Severina ajifunge kitenge mabegani. Rangi ikarudi kwenye midomo ya mzee. Akameza mate, akaomba maji, akanywa.

"Niambie ni nini," Severina alisema kwa sauti ya chini.

"Ikiwaka inazima. Ikizimwa inawaka," alisema Asukile. "Zaidi ya hapo usiniulize."

Waliendelea hivyo mpaka Igawa na kuvuka mto. Asukile aliwasha pampu mpaka upepo ulipoanza kuchoka, akaizima na kuiacha feni mpaka ulipopata nguvu, akawasha tena. Feni hakuipunguza tena hata kidogo. Alifanya vile kama mtu anayeufuata wimbo wa lugha asiyoijua, akimtegemea mwenzake. Severina ndiye aliyeweka mkono kwenye tundu na kusema, "Sasa," na yeye akageuza. Mara mbili Severina alisema "sasa" na Asukile akageuza upande usiofaa, na wakagombana, na mzee akawaambia wanyamaze.

Barabara ilipoanza kupanda kuelekea Makambako, injini ikapata joto sana. Asukile akazima pampu na feni, akafungua vioo, na hewa iliyoingia ilikuwa baridi yenyewe, yenye harufu ya mvua na nyasi. Walilala Makambako kwa katekista mmoja aliyemfahamu mzee tangu zamani. Asubuhi mzee alitetemeka, akaletewa chungu cha makaa miguuni, akauliza:

"Basi sasa ndiyo tunashuka Chimala?"

"Tumeshaipita, baba," alisema Severina.

"Haya," mzee alisema, kama anavyoitikia mtu aliyechoka kubishana na watoto.

Mchana huo walichepuka njia ya Tosamaganga na kuingia Kalenga. Mama Juliana, mke wa mzee, alitoka shambani akikimbia na jembe mkononi, majirani nyuma yake. Walimteremsha mzee kwenye godoro. Alisimama mwenyewe, kwa kushikiliwa, akazungusha macho: mto Ruaha chini, mahindi machanga, kuta za udongo. Hapo alilia. Asukile, ambaye alikuwa amefanya kazi mbili za safari ile na kuelewa nusu ya moja, alienda nyuma ya gari akajifanya anakagua tairi.

Baadaye, watu walipomzunguka, mzee aliwaeleza jinsi alivyosafiri. Alisema siku hizi iko barabara mpya inayopita juu milimani, haigusi Usangu, baridi njia nzima. Severina akasema hapana, walipita Chimala. Wazee wakauliza, kama mlipita Chimala, ilikuwaje mgonjwa huyu alalamike baridi? Akaitwa fundi athibitishe. Asukile alisimama mbele yao, akaeleza habari ya pampu, na gesi iliyo ya moto na ya baridi, na maji yasiyotoka popote, na barafu, na upepo uliorudi baada ya mashine kuzimwa. Alipomaliza, mzee mmoja akasema kwa heshima kwamba habari ya barabara mpya inaeleweka zaidi.

Jumamosi, Bwana Harlan alishuka kwenye ndege uwanjani Iringa, akamkuta Asukile amesimama kando ya gari lililooshwa. Asukile alikuwa ameamua kutomficha, na alimwambia yote kabla hajaulizwa: mzee, godoro, katekista, Kalenga. Yule bwana alisikiliza uso umekunjamana, na haikujulikana kama ni hasira au ni Kiswahili. Alifungua mlango wa nyuma, akatazama, akanusa harufu ya dawa ya kuchua.

"Mtu gonjwa? Ndani ya gari yangu?"

"Ndiyo, bwana."

"Nakufa?"

"Hakufa. Yuko kwake."

Bwana Harlan akaegemea gari. Akauliza habari ya barafu, akataka aelezwe tena, na alipoelezwa tena akakuna shingo. Alisema Amerika hakuwahi kuona barafu ile. Wakafungua boneti, wakatazama pamoja lile jicho la kioo, wote wawili vichwa vimeinama.

"Sasa, fundi, mashine nzima au mbovu?"

"Mashine sijui, bwana," Asukile alisema. "Mzee ni mzima."

Yule bwana akacheka, akampa mkono, akaondoka na gari lake kuelekea Dodoma. Asukile hakuliona tena. Alirudi Mbeya juu ya lori la mahindi.

Mzee Liberatus hakupona, lakini aliishi. Alikaa juani uani kwake, akala mahindi mabichi ya mwaka ule, akagombana na katekista wa kijiji juu ya mpaka wa shamba. Alikufa mwezi wa saba, usingizini, wakati wa baridi kali ya Uhehe. Severina alileta habari gerejini mwenyewe, akiwa na mimba kubwa. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, alipewa jina la babu yake, na Ikupa akaenda kumbeba.

Sifa ya Asukile ilienea mjini, ingawa haikuwa ile aliyostahili. Watu walisema ndiye fundi wa baridi. Mwaka uliofuata, mwenye duka mmoja alimwita aje kutazama friji yake iliyogoma. Asukile alijieleza kwamba yeye ni mtu wa magari, lakini akasihiwa, akaenda na mfuko wa spana. Friji ile haikuwa ya umeme. Mwenye duka akapiga magoti, akafungua kimlango cha chini, akamwonyesha tangi la mafuta ya taa na utambi.

"Huu moto ukiwaka vizuri," alieleza, "juu inagandisha mpaka nyama. Ukizimika, vyote vinaoza."

Asukile akainama, akautazama ule utambi. Akainuka, akafungua mlango wa juu, akaingiza mkono. Akainama tena. Kisha akaokota mfuko wake wa spana, akamtakia mwenye duka mchana mwema, akaenda zake nyumbani kula.